Mhadhara Juu ya Sebule: Vipimo Sahihi vya Sinema ya Nyumbani kwa Wakazi wa Bukoba na Muleba

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa kuwa hakutokea nafasi yake naishika mimi. Wazee wetu wa Hamugembe, Kashai na Rwamishenye. Ndugu mliotoka Muleba, Nshamba na Kamachumu mkiwa mmebanana kwenye Hiace hadi konda akakosa pa kuweka mguu, jambo ambalo nitalirudia kwa jicho la kitaalamu. Akina mama mlioacha ndizi jikoni. Mabibi na mabwana, waitu, itifaki imezingatiwa.

Kwa wachache wasionifahamu, nami nawapa pole, mimi ndiye bingwa wa vyumba vya sinema ya nyumbani kuanzia Mutukula hadi Biharamulo. Shahada yangu nilijitunuku mwenyewe, baada ya kubaini kuwa mkoa mzima hauna mtu mwenye sifa za kunitahini. Ni mwenyekiti, katibu na mweka hazina wa chama cha wataalamu wa fani hii, na katika uchaguzi uliopita nilipita bila kupingwa ingawa kampeni zilikuwa kali. Watu husema sisi nshomile, yaani wasomi wa Kihaya, tunajisifu. Si kweli. Sisi tunasema ukweli tu, na ukweli wenyewe ndio unaotusifu.

Nimeombwa, na mimi mwenyewe, nizungumzie mada hii: Ukubwa na Mpangilio wa Chumba cha Sinema ya Nyumbani katika Mazingira ya Ziwa, Migomba na Wageni Wasiotoa Taarifa.

Mada imekuja kwa wakati, kwa sababu mkoa wetu unaumwa. Mtu ananunua runinga ya inchi 65 Dar es Salaam, anaisafirisha zaidi ya kilomita 1,400 ikiwa imevikwa mablanketi mengi kuliko yeye mwenyewe, inashuka stendi ya Bukoba na kupokewa na nusu ya ukoo, inafikishwa nyumbani, na hapo ndipo linapoulizwa swali la kwanza: tuiweke wapi? Hilo, waitu, ni kuoa kwanza halafu kutafuta kiwanja. Msomi huanza na chumba.

Historia, ambayo bila hiyo hamtaelewa lolote

Vitabu vya wageni vinasema sinema ilizaliwa Paris tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili wa ukoo wa Lumière walipowatoza watu kiingilio ili waone picha zinazotembea. Mwaka huohuo, kule Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kijana wa fizikia aitwaye Wallace Sabine alikabidhiwa ukumbi wa mihadhara ambamo maneno ya mwalimu yaligongana hewani hadi wanafunzi wakawa hawaambulii kitu. Akaambiwa autibu. Sabine akawa anabeba mito ya viti usiku kutoka ukumbi mwingine, anaitandaza, anapuliza filimbi ya kinanda, kisha anashika saa na kupima sauti inachukua muda gani kunyamaza. Kutokana na kubeba mito usiku dunia ikapata kanuni ya mwangwi. Nawapongeza wote watatu.

Sasa niwaulize: wakati hao wanahangaika na mito, Mhaya alikuwa analala wapi? Kwenye mushonge! Nyumba ya duara, nyasi kuanzia kileleni hadi karibu na ardhi, dirisha hakuna, sakafu imetandikwa nyasi. Lipeleke hilo kwa mtaalamu yeyote wa Ulaya, asipojua wewe ni Mhaya, atakwambia: giza kamili saa sita mchana, hakuna kuta mbili zinazotazamana zikarushiana sauti, paa na sakafu vyote vinameza kelele. Wapinzani wangu, ambao bado hawajazaliwa, watadai kuwa duara hukusanya sauti katikati. Ndiyo, duara la saruji. Nyasi hazina tabia ya kurudisha kitu. Babu zetu walijenga chumba bora cha sinema ya nyumbani kabla ya sinema yenyewe. Kilichopungua ni runinga, na hilo si kosa la mjenzi.

Zanzibar walipata televisheni ya rangi mwaka 1973. Sisi wa Bara tulisubiri hadi 1994. Na katika kusubiri huko tulifanya nini? Tulibomoa mushonge, tukapandisha matofali, tukaezeka bati, tukapiga plasta, tukapaka rangi ya mafuta inayong'aa, tukamalizia na vigae sakafuni. Siku runinga inabisha hodi, chumba chake tumeshakifanya kuni.

Kanuni ya kwanza: ogopa kumi kwa kumi

Ukimwita fundi mwashi wa kwetu ukamwambia unataka chumba, hakuulizi cha nini. Anakata kamba futi kumi kwa kumi. Kisha anapandisha kozi hadi futi kumi, anapiga dari. Umekwisha. Umejengewa mchemraba, na mchemraba ndio umbo baya kuliko yote ambayo sabufa inaweza kuingizwa ndani yake.

Sikilizeni sababu, nitasema polepole. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Kati ya kuta mbili zinazotazamana kuna noti moja nzito inayonenepa kuliko nyingine zote, na unaipata kwa kugawanya 343 kwa umbali wa kuta hizo mara mbili. Futi kumi ni mita 3.05. Gawanya: mitetemo 56 kwa sekunde. Urefu wa chumba unanguruma 56, upana unanguruma 56, kimo nacho kinanguruma 56. Watatu wameshikilia noti moja na hakuna anayetaka kupokezana. Ndiyo maana sabufa ya jirani yako kule Kashai haipigi wimbo. Weka Maria Salome ya Saida Karoli, binti wa mkoa huuhuu, ngoma iliyochambuliwa kwa ustadi. Itakayokufikia ukutani ni *mmmm* moja ndefu, na baada ya *mmmm* hiyo unasikia kabati la vioo likitetemesha vikombe vya wageni.

Dawa ipo. Wataalamu wamependekeza uwiano mbalimbali, na mimi nimeuidhinisha huu: kimo moja, upana 1.4, urefu 1.9. Dari likiwa mita 2.7, upana uwe 3.8 na urefu 5.1. Hapo kimo kitanguruma 64, upana 45, urefu 34, kila mmoja na noti yake, na nyumba inakuwa na amani. Kwa lugha ya fundi ni futi tisa, kumi na mbili na nusu, na karibu kumi na saba. Fundi atakutazama kwa huruma na kukwambia tofali halina 0.4. Usibishane naye. Mwambie ramani imetoka kwa Profesa, ndiye mimi, halafu simama juu ya msingi hadi jioni.

Mwenye kumi kwa kumi tayari asijinyonge. Weka magunia manene kwenye pembe za chumba, maana sauti nzito hujazana pembeni. Mimi napendekeza kahawa ya maganda, gunia mbilimbili kila pembe hadi darini. Tiba hii ina udhaifu mmoja tu wa kiuchumi: bei ya kahawa ikipanda, baba anauza pembe mbili, na noti ile ya 56 inarudi nyumbani.

Na trei za mayai? Nilijua mtauliza. Vijana wa studio mmezibandika ukutani hadi kuku wanajiuliza. Trei ya mayai humeza kidogo sauti nyembamba. Sauti nzito inaipita bila kusalimia.

Kanuni ya pili: ziba ziwa

Bukoba iko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa Ikweta. Maana yake jua letu halizunguki kona kama la Ulaya. Mwaka mzima linachomoza mashariki, ziwani upande wa Kisiwa cha Musira, na kuzama magharibi, vilimani, karibu na saa moja jioni. Dirisha la mashariki linaua taarifa ya habari ya asubuhi. Dirisha la magharibi linaua kitu kikubwa zaidi. Mechi za Jumamosi za Ligi Kuu ya Uingereza zinazoanza saa tisa alasiri kwao, kwetu ni saa kumi na moja au kumi na mbili jioni kutegemea majira yao, yaani saa ileile ambayo jua limeinama na linatazama runinga yako uso kwa uso. Unaona mng'ao, unaona kivuli chako mwenyewe, unasikia watu wa nyumba ya pili wakishangilia goli.

Kwa hiyo madirisha yawe kaskazini na kusini. Na hapa najua ninawagusa wenye viwanja vya mteremkoni, wale waliolipa fedha nyingi kwa sababu dalali aliwaonyesha ziwa. Nyumba nzima imegeuzwa mashariki, dirisha la sebule ni aluminiamu kutoka ukuta hadi ukuta, mgeni akikaa anaona maji hadi macho yanachoka. Kitaalamu, ziba. Panga tofali. Ziwa lilikuwepo kabla yako na halikatiki umeme. Unaweza kulitazama ukiwa nje.

Wapo pia wanaojifanya wajanja, wanaofunga projekta barazani usiku na shuka jeupe ukutani, eti chumba hakina haja. Hao nawaomba wafanye hivyo Novemba. Taa kali na kitu cheupe kinachong'aa gizani, kwa mtu yeyote aliyekulia Kagera, ni mtego wa senene. Utaanza na filamu ya mapigano ya watu wawili. Ikifika katikati wapiganaji hawaonekani, skrini imekuwa kijani, watoto wa mtaa mzima wamekuja na ndoo, na mama mkwe wako anakusifu kwa mara ya kwanza tangu ulipe mahari. Kama biashara, ni njema. Kama sinema, imeshindwa mtihani wangu.

Kanuni ya tatu: kiti cha baba

Umbali kati ya jicho na skrini unakokotolewa, haukisiwi. Picha ijaze digrii 30 za macho yako. Njia ya haraka ni kuchukua ulalo wa runinga na kuuzidisha kwa 1.6. Inchi 43 unakaa mita 1.8 hivi. Inchi 55, mita 2.2 au 2.3. Inchi 65, mita 2.6 au 2.7. Ukitaka mambo ya ukumbini, picha ikumeze, sogea hadi 1.2. Katikati ya skrini pawe karibu na usawa wa macho ya aliyekaa, na shingo isiinuke zaidi ya digrii 15.

Sasa tembeleeni sebule za Bukoba. Runinga imetundikwa karibu na dari kwa sababu ya watoto, mtazamaji anainua kidevu utadhani anasubiri ndege ya Mwanza. Sofa zimepangwa kuzunguka kuta zote nne, meza katikati, vitambaa vya kufuma juu ya kila kinachoweza kubeba kitambaa. Wa ukuta wa kaskazini wanaitazama runinga. Wa ukuta wa kusini wanawatazama wa kaskazini wakitazama runinga. Niliwauliza wenyeji sababu, wakasema sebule ni ya kuzungumzia posa, msiba na mashamba, watu lazima waonane nyuso. Nikawajibu kwamba sayansi haijaweka kipengele cha posa.

Upande wa sauti kuna utaratibu wa kimataifa wa spika tano na sabufa. Spika ya kati iwe mbele kabisa, chini au juu ya skrini, kwa sababu ndiyo inayobeba maneno. Mbili za mbele zikae digrii 30 kushoto na 30 kulia. Mbili za nyuma digrii 110 hivi kila upande, zikikaribia mgongo wa msikilizaji. Nyote mlio hapa niangalieni: mistari hiyo mitano inakutana wapi? Kwenye kiti kimoja. Kiti kimoja tu chumbani kinasikia sinema jinsi ilivyokusudiwa, na hicho, kwa mila na desturi, ni kiti cha baba. Sayansi ya dunia imefika mahali ilipoanzia mila ya Kihaya, na mimi ndiye wa kwanza kuligundua.

Tatizo ni kwamba mila hiyohiyo inasema mgeni hupewa kiti kizuri. Unapiga vipimo wiki nzima, unaweka kiti cha baba mahali pake kwa kamba na bilauri ya maji, halafu jioni anaingia shangazi kutoka Kamachumu. Baba anasimama, anakipisha. Shangazi anakaa katikati ya digrii 30 na 110, anashushiwa kahawa ya kutafuna, na kwa kuwa filamu imetengenezwa Korea na yeye hajui Kikorea, anaanza kueleza habari za mpaka wa shamba. Spika tano zote zinamzunguka shangazi. Nimependekeza baba ahamishe spika na si kiti. Mpaka sasa hakuna baba aliyenijibu.

Kanuni ya nne: mbingu na ardhi

Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Ikidondoka juu ya bati tupu, hakuna spika ya bei nafuu itakayoshindana nayo. Vitabu vinaagiza dari zito, tabaka mbili za jipsamu, na kitu chenye manyoya kati ya dari na bati. Mimi nimechunguza tabia za wenyeji nikaona gharama hiyo si ya lazima. Mvua ikianza kunguruma upande wa ziwa, kabla tone la kwanza halijagusa bati, mama mwenye nyumba ametoka jikoni akiwa na mwiko, amechomoa runinga, kisimbuzi na sabufa, na waya wa antena ameutupa nje kwa sababu ya radi. Hivyo kelele ya mvua na sauti ya filamu hazijawahi kukutana katika nyumba yenye mama makini. Tatizo limejitatua lenyewe.

Umeme nao una mila yake. Kwa miaka mingi wa kwetu ulitoka Uganda, ukipita Masaka hadi Kyaka, na safari ndefu huchosha kila kitu. Funga stebilaiza. Umeme ukikatika, chomoa. Haurudi kwa adabu uliyoondoka nayo.

Hapa naondoa sauti ya utani kidogo. Tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, ardhi ya Kagera ilitikisika kwa kipimo cha 5.9. Watu walikufa, na nyumba nyingi za Bukoba na jirani zake zilipasuka au kuanguka. Kwa hiyo mtu anayetaka kutundika runinga nzito na spika ukutani aulize kwanza kama ukuta wenyewe una lenta ya zege yenye nondo, imezunguka nyumba nzima bila kukatwa. Kama haina, runinga ikae juu ya meza pana na ya chini, spika zikae sakafuni, na hakuna kitu kizito kitakachotundikwa juu ya kichwa cha anayekaa wala anayelala. Ushauri huu ni bure. Mingine mtalipia.

Kanuni ya tano, ambayo kwayo nitakumbukwa

Sasa tumrudie Sabine na mito yake. Alituachia hesabu hii: chukua ujazo wa chumba, zidisha kwa 0.161, gawanya kwa jumla ya mita za mraba zinazomeza sauti. Unapata sekunde ambazo sauti huchukua kufa. Chumba cha sinema ya nyumbani kinataka kama sekunde 0.4.

Tuchukue chumba changu kitukufu: 5.1 kwa 3.8 kwa 2.7. Ujazo wake ni mita 52 hivi za ujazo. Kuta za plasta na rangi ya mafuta, vigae sakafuni, dari ngumu. Vitu hivyo humeza kama asilimia tatu tu ya sauti inayovigonga. Jumla inayomezwa ni sawa na mita za mraba 2.6. Gawanya: zaidi ya sekunde tatu. Mtu akifa mwanzo wa filamu, bastola inasikika hadi mazishini.

Hiki ndicho chumba mtakachokikuta katika nyumba zile kubwa za Muleba, mnazozifahamu, za ghorofa na bati za msauzi katikati ya migomba, ambazo mwenyewe anaishi Dar es Salaam na kuja Krismasi. Sebule tupu, vigae vinang'aa, runinga kubwa imefunikwa shuka. Miezi kumi na moja mtazamaji wake ni kijana anayelinda shamba, peke yake, akisikia kila neno mara tatu.

Twende na tiba. Mapazia mazito ya mita kumi za mraba yanameza kama mita tano. Nilipendekeza yashonwe kwa lubugo, nguo ya gome la mutuba, ambayo ufundi wake kwa jirani zetu wa Buganda ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Wazee wakanizuia, wakasema nguo ya heshima haiwezi kutundikwa kwa ajili ya filamu za Kihindi. Basi, mapazia ya dukani. Zulia nene la mita kumi na mbili linameza kama 3.6. Sofa za vitambaa, si zile za ngozi ya bandia zinazogandisha mapaja, zinameza kama nne. Jumlisha na zile 2.6 za mwanzo: 15.2. Gawanya tena. Sekunde 0.55.

Bado! Nimeweka mapazia, nimeweka zulia, nimeweka sofa, na bado sijafika 0.4. Nahitaji mita sita zaidi za kumeza sauti. Ningeweza kuagiza vibao vya kitaalamu kutoka nje kwa bei ya ng'ombe wawili. Lakini nikarudi kwenye majedwali na kukuta jambo ambalo wengine wamelipita kwa haraka: binadamu mmoja, akikaa kimya na nguo zake, humeza sauti kiasi cha nusu mita ya mraba. Mita sita gawanya kwa nusu. Watu kumi na wawili.

Msipige makofi bado. Watu kumi na wawili, katika chumba cha mita za mraba kumi na tisa, na sauti inakufa kwa sekunde 0.40 kamili. Nikakumbuka vibanda umiza vya Hamugembe, nikakumbuka mabanda ya video kwenye kambi za wavuvi kule Goziba na Bumbire. Mabanzi, turubai, mabenchi, jenereta nje inakohoa, na bado enzi za Lufufu kutafsiri filamu kwa Kiswahili watu walisikia kila neno. Nilikuwa nayadharau mabanda yale kwa ushahidi wa kutosha kuhusu harufu. Ila sauti yake ni safi, na sasa nimethibitisha sababu: yamejaa. Vivyo hivyo Hiace yenu ya asubuhi. Nani kati yenu alisikia mwangwi ndani yake?

Ndipo nilipoasisi Nadharia ya Jirani, ambayo naizindua leo rasmi. Inasema: chumba cha sinema ya nyumbani katika Wilaya za Bukoba na Muleba kinapimwa kwa watu kwanza, ukuta baadaye. Mwenye nyumba asiwaite jirani wanaojaza sebule yake kero. Ni vifaa, na vinajileta vyenyewe. Mtoto anayetazama dirishani aingizwe ndani mara moja; akiwa nje hamezi kitu chumbani, akiwa ndani ana robo mita yake. Shangazi na habari zake za mpaka naye apewe nafasi, kwa sharti la kunyamaza wakati wa maneno muhimu. Na yule tajiri mwenye nyumba kubwa kule Muleba afungue geti lake Februari, Mei na Septemba, watu wakae, la sivyo amejenga pango lenye vigae.

Maswali

Nina muda wa maswali mawili. Mzee wa mbele.

Mzee anauliza: kama chumba kinahitaji watu kumi na wawili, na runinga inahitaji kila mtu akae mita 2.7, na spika zinataka kiti kimoja, hao kumi na mmoja wengine wakae wapi? Mzee wangu, swali zuri sana, linaonyesha umesikiliza. Wakae palepale wanapokaa siku zote: wawili kwenye sofa ya watu watatu na wawili wengine kwenye mikono yake, watoto kwenye zulia, vijana mlangoni. Sayansi yangu imekuja kuwapa cheti, haikuja kuwahamisha.

Na swali la pili, mama pale nyuma, mwenye kitenge cha bluu. Anauliza: Profesa, hao watu kumi na wawili filamu ikiisha saa nne usiku, watakula nini, na nani atapika?

Mama, hilo ni swali la jikoni. Jiko lina uwiano wake, moshi wake, umbali kati ya figa na ghala, na idadi yake ya mikungu ya ndizi kwa usiku mmoja. Nimeliandalia mhadhara wa peke yake, Muleba, mwezi ujao. Kiingilio ni mkungu mmoja kwa kila mhudhuriaji, na mkungu huo usiwe wa ndizi za kuivisha. Naomba kuwasilisha.